Paa la karavani linatoa unga mweupe na dari ina doa: niweke mpira mpya, plastiki, faibaglasi au alumini?

*"Nina karavani ya kuvutwa yenye urefu wa mita 8 na umri wa miaka 14. Paa lake ni la mpira mweupe. Kila nikilipapasa mkono unatoka na unga kama wa chaki, na mvua ikinyesha michirizi myeupe inashuka ubavuni. Majuzi nimeona doa la kahawia kwenye dari, karibu na tundu la hewa la bafuni. Fundi wa kwanza kaniambia mpira umeoza, ning'oe niweke alumini na nitakuwa nimemalizana na uvujaji. Wa pili anasema nisibomoe chochote, atanipakia silikoni paa zima kwa siku moja. Rafiki yangu anaapa kwamba faibaglasi ndiyo pekee isiyovuja. Karavani inakaa nje mwaka mzima, naivuta safari chache kwa mwaka, na kupanda juu kusafisha mwenyewe si tabu kwangu. Nimsikilize nani?"*

Ndugu msomaji, kwa sasa usimlipe yeyote kati yao. Wote wamekujibu kuhusu paa lipi ni bora, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza maji yanapitia wapi. Hilo la pili ndilo linaloharibu karavani yako hivi sasa, na jibu lake ndilo litakaloamua ununue nini, au kama kuna haja ya kununua chochote.

Nianze na ule unga, kwa sababu ndio uliokutia hofu. Paa lako karibu hakika ni EPDM, mpira wa viwandani ulioanza kuuzwa miaka ya 1960. Ule unaotumika kwenye magari ya kuishi kwa kawaida una tabaka mbili: juu nyeupe, chini nyeusi. Jua linapoipiga ile nyeupe mwaka baada ya mwaka, mionzi yake hukata kile kinachoshikilia rangi pamoja, na chembe za rangi hubaki juu zikiwa hazina kinachozishika. Ndizo unazozipata mkononi, na ndizo zinazochora michirizi ubavuni mvua ikinyesha. Mpira huu umetengenezwa hivyo: unajitoa juu kidogo kidogo ili chini ubaki mzima. Tabaka nyeusi ina masizi ya kaboni, na masizi hayo ni kinga nzuri sana dhidi ya jua. Kwa hiyo unga peke yake si kuoza. Ukianza kuona weusi umejitokeza sehemu kubwa, basi tabaka nyeupe imekwisha. Hapo joto ndani litaongezeka na ni wakati wa kupanga bajeti, lakini hata siku hiyo maji bado hayapiti.

Kama unataka kuhakikisha ni mpira kweli, tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo uliokatwa chini ya kifuniko cha tundu la hewa, ukwaruze kidogo kwa msasa. Weusi ukitokea, ni EPDM. Ukikuta weupe au kijivu chenye nyuzi zilizofumwa katikati, hiyo ni plastiki, TPO au PVC. Fanya hivi kabla ya kununua gundi yoyote, maana gundi na dawa za kusafishia hutofautiana, na kosa hapa halirekebishiki. Dawa zenye asili ya petroli, mafuta ya taa au maganda ya machungwa huufanya EPDM uvimbe na kutoka malengelenge. TPO huzivumilia zaidi kidogo, PVC zaidi ya hapo. Kwa mpira wako, maji na sabuni laini ya vyombo vinatosha.

Sasa maji. Paa la gari la kuishi ni kipande kimoja kilichofunika plaiwudi nyembamba kutoka mbele hadi nyuma. Katikati hakina kiungio, na mara chache sana maji hupita hapo, labda tawi liwe limelichana. Lakini mtengenezaji amekitoboa: tundu la hewa la bafuni, la jikoni, kiyoyozi, dirisha la paa, bomba la kupumulia choo, antena, nyaya za sola. Kila tundu limezungukwa na skrubu zilizopenya hadi kwenye mbao, na juu ya skrubu pamemiminwa gundi ya kuziba. Kingo nazo, pale paa linapokutana na ukuta, zina ukanda wa chuma wenye skrubu zake. Gari likiwa barabarani linajipinda kila tairi linapoingia shimoni. Likiwa limeegeshwa linatanuka mchana na kunywea usiku. Gundi ndiyo inayobeba mwendo wote huo. Huzeeka, hukauka, hupasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji hayahitaji zaidi ya ufa huo. Kwa hiyo paa lenye mpira mzima kabisa linaweza kuwa linavuja vibaya, na paa jipya la bei kubwa kupita yote linaweza kuvuja ndani ya miaka michache kama hakuna aliyepanda kuangalia gundi.

Ndiyo maana kauli ya rafiki yako kuhusu faibaglasi haisimami. Faibaglasi nayo hutobolewa tundu la bafuni lilelile, kwa skrubu zilezile na gundi ileile. Alumini pia.

Nenda kwenye lile tundu siku kavu. Mpira wenye unga ukilowa huteleza vibaya, na si kila paa limejengwa kukanyagwa, hivyo weka ubao mpana na upige magoti juu yake ili uzito usambae. Chukua kikwaruzo cha plastiki, inua ukingo wa gundi ya zamani taratibu, utazame vichwa vya skrubu. Skrubu yenye kutu ni ushahidi kwamba maji yamekaa hapo. Kisha shika bisibisi ujaribu kuikaza kidogo. Ikishika na kugoma, mbao ya chini bado ina nguvu. Ikizunguka tu bila kukaza, mbao imelainika. Zunguka skrubu zote za tundu lile na uweke alama ya chaki kwenye kila inayozunguka bure. Ukimaliza utakuwa na ramani ya uharibifu bila kubomoa chochote.

Halafu bonyeza plaiwudi kwa kiganja kuanzia kwenye tundu ukisogea nje. Kama unaweza kuazima kipimo cha unyevu wa mbao, kitumie kwa ndani, kwenye dari na ndani ya makabati ya juu. Chini ya asilimia 15 ni salama. Ikivuka 20, mbao iko kwenye hatari ya kuoza. Usiishie kwenye doa lenyewe, maana maji hutambaa juu ya fremu na kuangukia mbali na yalikoingilia, kufuatana na upande gari lilikoinamia. Doa la bafuni linaweza kuwa limetoka kwenye tundu hilo, linaweza pia kuwa limesafiri kutoka kwenye kiyoyozi kilicho mita mbili mbele. Ukikiangalia kiyoyozi, ujue kwamba mara nyingi hakimiminiwi gundi juu: kimekalia pete ya sponji inayobanwa na boliti kutoka ndani. Sponji hiyo hulala kadiri miaka inavyopita na boliti hulegea, na mara nyingi kuzikaza kidogo au kubadilisha pete ndio mwisho wa uvujaji.

Ukishajua hali ya mbao, ndipo mazungumzo ya paa lipi yanapokuwa na maana.

Tuseme mbao ni kavu kote na doa ni la zamani au la tundu moja tu. Basi huhitaji paa jipya. Ng'oa kifuniko cha tundu lile, safisha, weka utepe mpya wa byutili (mpira laini unaonata) chini ya ukingo wake, rudisha kwa skrubu zisizoshika kutu, kisha mimina gundi ya kuziba inayosambaa yenyewe. Hiyo ni ya sehemu zilizolala tu. Kwenye kingo zinazosimama itateremka, kwa hiyo hapo tumia ile nzito isiyotiririka. Hakikisha chombo chake kimeandikwa kuwa kinafaa kwa EPDM. Silikoni ya madirisha na masinki usiiguse kabisa. Haishiki vizuri kwenye mpira, na inapobanduka huacha utelezi ambao gundi nyingine yoyote haitaushika. Nimekwangua silikoni ya aina hiyo kwenye mapaa mengi, na kila mara kuiondoa huchukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe.

Hapo ndipo inapoingia hoja ya fundi wa pili. Kupaka si utapeli. Mipako ya majimaji, inayopakwa kama rangi, huongezea paa la zamani miaka mingi ya kazi pale mpira ulipo mzima na mbao ikiwa kavu. Ya akriliki ni nafuu, ina maji badala ya viyeyushi, na baadaye unaweza kupaka nyingine juu yake, ila haipendi maji yanayotuama. Ya silikoni huvumilia madimbwi na jua vizuri kuliko zote, lakini inakufungia mlango: juu ya silikoni hakuna kinachoshika isipokuwa silikoni, iwe ni gundi, kiraka au mpako wa aina nyingine. Ukiichagua, umeichagua kwa maisha yote ya paa hilo. Ipo pia poliyurea ya kupuliziwa, ngumu kweli kweli, lakini ina kemikali ambazo mvuke wake hudhuru mapafu, hivyo hiyo ni ya karakana yenye vifaa vyake.

Wasiwasi wangu kwa fundi wako ni ile "siku moja". Unga wote lazima uoshwe mpaka kitambaa kitoke safi, paa likauke kabisa, mpira upakwe kitangulizi chake (rangi ya kwanza ya kushikisha mpako), viungio vyote vizibwe kwanza, ndipo mpako uje, kwa kawaida mara mbili na kwa kukausha katikati. Akipaka juu ya unga, mpako utakuwa umeshika unga, na utabanduka mapande mapande. Mwombe afanye jaribio hili mbele yako: asafishe kipande cha ukubwa wa kiganja, apake, alaze ukanda wa kitambaa ndani ya rangi ikiwa mbichi na kuacha ncha moja nje, apake tena juu. Kikikauka baada ya siku kadhaa, uvute ile ncha. Ukanda ukigoma, au ukichanika huku rangi imebaki kwenye mpira, mpako huo unafaa. Ukitoka mzima na rangi yake, umeokoa fedha zako.

Na kama mbao imelowa, kupaka juu yake ni sawa na kufunika kidonda chenye usaha. Maji yaliyo ndani hayana tena njia ya kutoka, na plaiwudi itaendelea kuoza pasipoonekana, safari hii ikiwa na kifuniko kizuri cheupe juu yake.

Tuje sasa kwenye hali ya tatu, ambayo kwa karavani ya miaka 14 inawezekana: mbao laini sehemu kubwa. Paa litang'olewa lote, plaiwudi iliyooza ibadilishwe, fremu ikauke. Hapo ndipo utachagua.

EPDM mpya ina faida mbili kubwa kwako. Inanyumbulika hata kwenye baridi kali, inapita vizuri kwenye pembe za mviringo, na mtu makini mwenye msaidizi mmoja anaweza kuibandika kwa gundi bila mashine yoyote. Viraka vyake ni rahisi. Unene wa kawaida ni kama milimita 1.1, na kwa paa la mita za mraba 20 mpira wote una uzito wa kilo 25 hivi, jambo ambalo gari la kuvutwa linalishukuru. Ikitunzwa, miaka 15 hadi 20 ni matarajio ya haki. Ubaya wake unaufahamu tayari: unga, michirizi, na woga wa mafuta.

TPO ilishika kasi kwenye mapaa ya majengo miaka ya 1990 kisha ikahamia kwenye magari. Haitoi unga kama EPDM, hubaki nyeupe muda mrefu, na haichaniki kirahisi. Muuzaji atakusisitizia kwamba viungio vyake huunganishwa kwa hewa ya moto mpaka vikawa kitu kimoja, na ni kweli. Ila kumbuka nilichosema: paa lako ni kipande kimoja. Sifa inayoifanya TPO itawale kwenye maghala makubwa, kwenye karavani unaitumia siku ya kiraka tu. Ni ngumu zaidi kuikunja, na isipolazwa vizuri hujikunja kwenye pembe. Matoleo ya kwanza yalikuwa na shida ya kuzeeka haraka kwenye joto. Ya sasa yameboreshwa, lakini aina zake hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda kuliko ilivyo kwa EPDM, kwa hiyo dhamana ya maandishi isome neno kwa neno, hasa sehemu inayotaja ukaguzi unaotakiwa.

PVC inazivumilia grisi na mafuta, na huunganishwa kwa moto kama TPO. Ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa ndani, na vilainishi hivyo huondoka polepole miaka inavyokwenda mpaka plastiki ikakakamaa na kunywea. Isigusane na sponji ya polistirini wala lami. Vitu hivyo huvinyonya vilainishi. Kama insulesheni ya paa lako, yaani kizuia joto kilicho chini yake, ni polistirini, lazima pawe na tabaka la kutenganisha. Hata mapande ya zamani ya lami yaliyobaki kwenye kingo yatakwanguliwa kwanza.

Faibaglasi ni paa zuri, na gari likitoka kiwandani nayo nampongeza mwenye nalo. Ni ngumu, ni rahisi kusafisha, na inaweza kupita miaka 20 bila shida. Lakini haidumu milele. Tabaka yake ya juu inayong'aa nayo hufubaa na kutoa unga, hivyo hutakiwa kupigwa nta kila mwaka, na pembe za matundu huota nyufa ndogo kwa sababu haipendi kupindwa. Tatizo langu ni kuiweka juu ya karavani ya zamani. Fremu ya miaka 14 inajipinda zaidi kuliko ilipokuwa mpya, shiti ni nzito mara mbili au zaidi ya mpira, na kulilaza shiti zima bila kulivunja kunahitaji watu na nafasi. Gharama itapita thamani utakayoipata.

Alumini inastahili heshima. Yapo magari ya miongo mingi yenye alumini ya awali. Haiogopi jua hata kidogo. Ila inacheza sana na joto: shiti la mita 8 likipanda nyuzi 50 za Selsiasi hurefuka karibu milimita 9, na milimita hizo zote zinazivuta skrubu na gundi za kingoni, kila siku ya jua. Skrubu za chuma cha kawaida zikigusana nayo penye unyevu na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mvua yake ina kelele na hatua za mtu huacha mabonde. Yule aliyekuambia kwamba utakuwa umemalizana na uvujaji hajakueleza hayo.

Kuhusu joto la ndani, wengi hudhani aina ya paa ndiyo inayoamua. Ni nyembamba mno zote. Insulesheni ndiyo inayozuia joto, na rangi ndiyo inayolipunguza kabla halijaingia. Paa jeupe, safi na jipya hurudisha zaidi ya robo tatu ya nguvu ya jua, jeusi chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kuosha paa lako sasa hivi kunaweza kukupa nafuu zaidi kuliko kubadilisha mpira kwa TPO.

Ningekuwa mwenye karavani hii, na mbao ikawa imeoza kweli, ningerudisha EPDM. Unapanda mwenyewe, unasafisha mwenyewe, na siku ukikuta tatizo utaweza kulirekebisha kwa mikono yako. Kama kazi yote utaikabidhi karakana na fundi wake anaijua TPO vizuri, mwachie aweke TPO. Tofauti ya vitu hivi viwili ni ndogo kuliko tofauti ya fundi makini na fundi wa haraka haraka. Chochote utakachoweka, kagua gundi zote kila miezi mitatu, na pia baada ya kupita chini ya matawi.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyasubirisha wala kuyafanya peke yako. Ukibonyeza ukakuta eneo laini linalozidi kiganja, kiyoyozi kikicheza ukikisukuma, ukuta wa nje ukiwa umevimba kama povu, au maji yakionekana karibu na taa na nyaya, zima umeme wote, sola ikiwemo, na umlete mtu aone kwa macho yake. Harufu ya ukungu inayokukohoza nayo ni sababu ya kutolala humo mpaka dari ifunguliwe. Fundi atakayekuja, sikiliza atakachouliza kwanza. Akiomba kupanda na kuingia ndani ya makabati kabla ya kutaja bei, mpe kazi. Na wakati unamsubiri, funika tundu lile kwa turubai lililofungwa kingoni bila kutoboa paa, likilegezwa siku za jua ili unyevu upate kutoka.